Mheshimiwa Anaamka

Katika nyumba yetu hakuna jambo linalonipita. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na ukweli ukinisifu mimi nifanyeje? Wengine wamejaliwa sauti, wengine wamejaliwa wajomba wenye vyeo, mimi nimejaliwa macho. Nikimtazama mtu akitoka mlangoni kwake mpaka bombani, basi mwendo wake nimeshautia mfukoni, na nikiurudia hata mama yake mzazi ataitika. Wala siongezi chumvi. Ambacho sijakiona sikiigi, na nilichokiiga ndivyo kilivyo. Pale uani wakanipa jina, Sinema, na kwa kuwa kiingilio kilikuwa bure, ukumbi ulijaa kila asubuhi.

Mchezo wangu uliopendwa kuliko yote mwaka ule uliitwa "Mheshimiwa Anaamka". Mheshimiwa mwenyewe ni baba yangu mzazi, kinyozi.

Nyumba tuliyopanga ni ile ya vyumba vinavyotazamana, uwanja katikati, bomba moja, kamba za nguo, na majirani wanaojua chumvi yako imebaki kiasi gani. Mlango wetu una vidaraja vitatu vya saruji. Asubuhi baba alikuwa akitokeza pale kama waziri anayeshuka kwenye ndege: anasimama, anautazama umati, anashika ukuta, kisha anageuka na kushuka kinyumenyume. Akifika bombani halizungushi kwa vidole kama sisi raia. Analisukuma kwa kiwiko. Kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili, kama nahodha aliyekabidhiwa kombe. Na ukimnyooshea mkono, wake unabaki mfukoni, kinachokusalimu ni kidevu. "Salama, salama," anasema, nawe unabaki na mkono hewani ukiutafutia kazi.

Baba akishaondoka kwenda kazini, mimi napanda vidaraja na mchezo unaanza. Tulikuwa na jirani mmoja, Mama Ndoo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndoo zake zilishika foleni bombani hata mwenyewe akiwa usingizini. Siku moja alicheka mpaka ndoo ikafurika na hakujali, mwanamke ambaye kwa tone moja la maji angeweza kukuitia mjumbe wa mtaa.

"Anaringa siku hizi baba yako," alisema akijifuta machozi. "Kinyozi gani asiyempa mtu mkono?"

"Ni umri," nikamjibu kitaalamu. "Mtu akifika umri fulani anaona amemaliza kusalimia."

Sasa hebu tujumlishe. Mtu anashuka ngazi kinyumenyume, anafungua bomba kwa kiwiko, anabeba kikombe kwa viganja, halafu kijana ambaye hakuna jambo linalompita anahitimisha kwamba mzee anaringa. Na baiolojia nilifaulu, usije ukadhani shule haikunifikia.

Kule kazini baba aliitwa Mkono Mwepesi. Jina hilo hakulinunua. Watu walikuwa wakisinzia kwenye kiti chake akiwanyoa ndevu kwa wembe, wengine wakikoroma kabisa, na shingo ya mtu haikoromi chini ya wembe asiouamini. Duka ni chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, benchi la kusubiria, na redio ambayo baba aliamini inavutia wateja, ingawa ilikuwa inapiga chafya kuliko inavyoimba.

Usiniulize mambo ya dukani nimeyajuaje wakati mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo ya mtihani. Mwenye duka la sabuni jirani yake ana mdomo, na mimi nina masikio.

Kwanza duka likaanza kufunguliwa jua likiwa limeshapanda. Wateja wa asubuhi, wale wanaotaka kuingia ofisini wakiwa wamenyolewa, wakakuta kufuli. Halafu mashine ya kunyolea ikaanza kumwanguka mkononi. Mwisho akaja Mwalimu wa Hesabu, mteja wa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akaketi, akafumba macho. Upande wa kushoto wa kichwa ukaenda salama. Baba alipohamia upande wa kulia, vidole vikagoma, mashine ikateleza, na sikio la Mwalimu likatoa damu.

"Mkono Mwepesi," Mwalimu akasema akibana sikio kwa kitambaa, "leo unanyoa au unachinja?"

"Mashine hii, Mwalimu. Imechoka."

"Pole na mashine."

Akainuka, akavua shuka shingoni, akavuka barabara. Upande wa pili kuna kijana aliyefungua saluni yenye taa zinazozunguka kioo na taulo linalonukia. Ikawa nusu ya kichwa imenyolewa kwetu na nusu imemaliziwa kule, mchana kweupe, na mtaa mzima ukiangalia jinsi kichwa kimoja kinavyoweza kuhama.

Jioni mama alirudi kutoka kwenye ofisi anazosafisha, akaketi bila kuvua viatu.

"Nasikia Mwalimu amevuka barabara."

"Mashine imechoka," baba akasema.

"Mashine au mwenye mashine?"

"Mke wangu, nimesema mashine."

"Juzi tu umeirudisha kutoka kwa fundi. Mashine ya watu ina pumziko kuliko mimi." Akamtazama mikono. Baba akaiingiza chini ya mapaja, kama mtoto aliyeulizwa kama amenawa. "Mficha maradhi, mume wangu, unajua mwisho wake."

"Nani mgonjwa hapa? Mbona mchana nanyoa vizuri?"

Na hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake. Mchana alikuwa mzima. Jua likishafika kwenye kamba ya nguo vidole vinalegea, magoti yanakubali, na mtu aliyeshuka kinyumenyume asubuhi unamkuta anabeba benchi. Ugonjwa gani huo unaofanya kazi zamu ya asubuhi tu?

Familia isipokuwa na daktari hujipatia mmoja. Wetu alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake baba, aliyewahi kuendesha gari la kampuni ya dawa. Kwa hesabu yake, amebeba dawa nyingi kuliko daktari yeyote aliyewahi kuziandika, kwa hiyo cheti anacho, isipokuwa tu hakijaandikwa.

Alifika Jumapili, akamshika baba mkono, akautazama juu na chini kama anayekagua tairi.

"Jongo," akasema.

"Una hakika?" mama akauliza.

"Shemeji, mimi nimesafirisha dawa za jongo mpaka mipakani. Ni ugonjwa wa wakubwa, unaletwa na nyama. Kateni nyama."

Tukatazamana. Nyama na sisi tulikuwa tukikutana kwa nadra, kama ndugu waliogombania shamba. Lakini agizo la daktari ni agizo. Nyama ikakatwa. Maharage yakafuata, kwa kuwa eti nayo ni nyama ya siri. Nyanya zikafukuzwa kwa kosa la kuwa na asidi. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa familia yenye mlo mwepesi kuliko wote pale uani, na baba vidole vyake vimenona kama ndiye anayekula tulivyoviacha sisi.

Kukata nyama kuliposhindwa, ikaja dawa ya kuchua, ya kopo jekundu, ambayo ukali wake ulikuwa ukipita kwenye matundu ya dirisha na kuwaliza majirani. Halafu vidonge vya maumivu vya dukani, ambavyo baba alivimeza asubuhi na jioni mpaka tumbo nalo likaanza kulalamika. Mwisho Baba Mdogo akampeleka kwa rafiki yake mwenye duka la dawa, nyuma ya pazia, akachomwa sindano isiyo na jina.

Nitasema ukweli, sindano ile ilikuwa muujiza. Wiki nzima baba alishuka vidaraja akitazama mbele. Alifungua bomba kwa vidole. Alimpa mkono kila mtu: wapangaji, mpita njia, muuza mkaa, na Mama Ndoo mara mbili kabla ya chai. Alimwita Mwalimu wa Hesabu kutoka ng'ambo ya barabara ili tu ampe mkono. Baba Mdogo akatembea wiki hiyo kifua mbele, na mimi nikakosa kazi.

Wiki ya pili Mheshimiwa akarudi, na safari hii alikuja na msafara. Magoti yalikuwa yamevimba, viganja vina joto, na asubuhi zake zikawa zinarefuka mpaka karibu na adhana ya mchana.

"Sindano imefungua njia," Baba Mdogo akaeleza. "Ugonjwa sasa unatoka."

Kama ulikuwa unatoka, basi ulikuwa unatoka kuelekea ndani.

Wakati huo dada yangu alikuwa na mchumba, kijana mpole wa ghala la mbao, na watu wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha. Walichagua Jumamosi asubuhi. Hakuna aliyethubutu kuwaambia waje mchana. Ungewaeleza nini, kwamba baba wa binti hufunguliwa saa za mchana kama benki?

Asubuhi hiyo nilikuwa naenda kuazima viti. Nikapita dirishani kwetu, na pazia lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Baba ameketi kitandani. Dada amepiga magoti mbele yake akimfunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, haraka, bila kutazama, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Baba ametazama ukutani. Alipomaliza vifungo akamvisha soksi.

Nilimsubiri nje.

"Umeanza lini kumvalisha?"

Dada akanikazia macho. "Kabla hujaipa jina sinema yako."

"Mbona hukusema?"

"Aliniomba nisiseme. Na wewe si una macho? Nikadhani umeona."

Akachukua ufagio akaniacha nimesimama. Nyani haoni kundule, na wakati mwingine haoni hata la baba yake.

Wageni wakaja. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, seremala, mtu mwenye mabega ya mlango na kiganja ambacho kingeweza kupiga msumari bila nyundo. Baba alisimama kuwapokea. Kidevu kikasalimia: "Karibuni, karibuni sana." Lakini seremala si mtu wa kusalimiwa kwa kidevu. Alinyoosha mkono, akasubiri. Akasubiri tena. Mama akakohoa. Baba akautoa wake mfukoni taratibu, kama anayetoa pesa ya mwisho, na seremala, kwa upendo wote wa ukwe mpya, akaukamata na kuubana.

Baba alipiga ukelele. Si ukelele wa mtu mzima. Ulikuwa wa mtoto aliyebanwa na mlango. Akauvuta mkono kwa nguvu, akajikunja juu yake, chai ikamwagika mezani, na wageni wote wakasimama.

"Nimekukosea nini, mzee mwenzangu?" seremala akauliza.

"Hapana, hapana, ni..." Baba alitafuta neno. Angeweza kusema "naumwa". Ni neno fupi. Badala yake akasema, "Nimeshtuka."

"Umeshtuka kwa mkono wangu."

"Nimeshtuka tu."

Waliketi wakamaliza vikombe kwa adabu iliyowabana shingo. Wakati wa kuaga, seremala alimwambia mama pembeni, tena kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, kwamba wao ni watu wadogo lakini hawajazoea kunyang'anywa mkono. Watarudi nyumbani wakafikiri.

Dada hakulia. Alikusanya vikombe, akavipanga kwenye sinia, akaja kusimama mbele ya baba.

"Baba, Jumatatu twende hospitali."

"Kwa jongo hili? Baba yako mdogo amesema..."

"Baba Mdogo alikuwa dereva." Akasema polepole. "Mimi nimekufunga vifungo na nikanyamaza kwa sababu uliniomba. Sasa nakuomba mimi."

Baba akaitazama mikono yake, ile iliyompatia jina. Vifundo vimejaa, vinang'aa. "Nikienda wakaniambia nisinyoe tena?"

Ndipo nikaelewa alichokuwa anakificha chini ya mapaja miezi yote ile.

Jumatatu hatukuwahi. Mtu wa asubuhi zile huwezi kumwahisha popote. Tulifika hospitali ya serikali jua likiwa limekwisha kupinda: baba, mama, dada na mimi, tukapanga foleni kwenye benchi, na hadi tunaitwa, Mheshimiwa alikuwa amekwisha kulegea na kuwa mtu wa kawaida.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu sikioni. "Tatizo nini, mzee?"

"Uchovu kidogo."

Mama akafumba macho.

"Wapi?"

"Hapa na pale. Kazi za kusimama hizi."

"Asubuhi ukiamka inakuwaje?"

"Kawaida tu."

"Unafunga vifungo mwenyewe?"

"Kwani mimi mtoto?"

Daktari akauomba mkono, baba akaukunja na kuukunjua mbele yake kwa tabasamu, mkono wa mchana, unaotii. Nikaona kalamu inashuka kuandika vidonge vya uchovu. Dada naye akaiona.

"Daktari," akasema, "huyu mdogo wangu anajua kumwiga. Mwambie akuonyeshe baba anavyoamka."

Baba akanigeukia. Kumbuka kwamba katika ua mzima, mtu pekee ambaye hakuwahi kuiona sinema ile ni yule anayeigwa.

"Kuniiga?" akauliza. "Unaniiga mimi?"

Ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia, ila mlango nao ndio uliokuwa jukwaa. "Onyesha," daktari akasema, na hakuwa anatania. Nikaenda mlangoni. Nikashika ukuta. Nikageuka, nikashuka vidaraja visivyokuwepo kinyumenyume. Nikafungua bomba kwa kiwiko. Nikashika kikombe kwa viganja. Nikavuta shati kwenye kifungo, vidole vikateleza, nikaliacha. Mchezo ambao uani ulikuwa ukiwavunja mbavu, mle ndani haukumchekesha hata mmoja. Nilisikia tu feni.

"Hali hiyo inakaa muda gani?"

"Mpaka jua lifike kwenye kamba ya nguo," nikasema. "Zaidi ya saa nzima. Sasa hivi hata nne, tano."

"Mkono mmoja au yote?"

"Yote. Sawasawa."

Daktari akaweka kalamu. Akauchukua mkono wa baba, akaubana taratibu tu, upande kwa upande, pale vidole vinapoanzia. Baba akang'ata midomo na chozi moja likamtoka. Ilikuwa salamu ya seremala, kwa kipimo cha dawa.

"Mzee, hilo si jongo, na si uchovu," akasema. "Jongo aghalabu hushika ghafla, kiungo kimoja, mara nyingi dole gumba la mguu. Hii imechukua mikono yote miwili, vifundo vidogo vidogo, na asubuhi inakakamaa muda mrefu kisha ukiutumia mwili inalegea. Nadhani ni baridi yabisi. Tutapima damu na kupiga picha ya mikono."

"Nilijua ni baridi," mama akasema. "Namwambia kila siku avae sweta."

"Jina tu, mama. Baridi haihusiki. Kinga ya mwili, wale askari wa kupigana na maradhi, wamekosea adui. Wanashambulia viungo vyake mwenyewe."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ndani zaidi ya nguo, mama."

"Na nyama?" nikauliza. Samahani, lakini lazima mtu angeuliza.

"Kuleni mkipata."

Baba hakuwa anasikiliza mambo ya nyama. "Nitanyoa?" akauliza.

Daktari hakupamba maneno. Mama alipomweleza sindano ile ya nyuma ya pazia, alisema huenda ilizima moshi, moto ukabaki. Alisema kiungo kikishaliwa hakirudi, vidole hupinda na kubaki hivyo, na ndiyo maana ugonjwa huu haungojwi. "Umechelewa, ila hujakosa gari. Ukianza dawa na usiache, nafasi ya kunyoa ipo. Ukiendelea kuficha, haipo."

Njiani baba alitangulia, mimi nyuma yake nikiwa mdogo kuliko nilivyotoka nyumbani. Tulipofika kwenye kona ya duka la mkate akasimama akanisubiri.

"Unaiga vizuri," akasema. "Ila natanguliza mguu wa kushoto. Wewe umetanguliza wa kulia."

Akaendelea kutembea.

Majibu ya damu na picha yakamkubalia daktari. Baba akapewa vidonge vya njano vya kumeza siku moja tu kwa wiki, na vingine vya siku nyingine vya kusaidia mwili kuvivumilia. Akaambiwa damu itapimwa mara kwa mara ili ini lisiumie, pombe asiguse, na asitegemee muujiza. Hii si sindano, inakuja kwa mwendo wa kobe. Asubuhi aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu, akunje na kukunjua. Akikaa bure viungo vitaganda, akijitutumua vitavimba, kwa hiyo afanye kiasi.

Baba Mdogo alikuja kukagua. Alisoma pakiti, akacheka.

"Mara moja kwa wiki? Hawa wanabania dawa za serikali. Kaka, kama cha wiki kinasaidia, cha kila siku kitakuponya haraka."

"Shemeji," mama akasema, akachukua pakiti mkononi mwake, "daktari ametuambia cha kila siku kitamuua. Ametutamkia mara mbili, kama aliyejua kwamba nina shemeji."

Pakiti ikahamia kabatini, funguo zikahamia kwenye fundo la kanga yake.

Wiki za kwanza hazikuleta lolote ila kichefuchefu. Baba alikuwa akimeza na kutukana kimoyomoyo, midomo ikicheza. Dukani akabandika karatasi mlangoni: Tunafungua mchana. Mashine akaizungushia mpira wa baiskeli ili mpini uwe mnene usihitaji kubanwa. Halafu, kidogo kidogo, vifundo vikaanza kunywea. Siku moja akashuka vidaraja akitazama mbele, na Mama Ndoo akaacha ndoo zake akapiga makofi, kisha akaniangalia mimi kwa masikitiko, kama mtu ambaye kipindi chake redioni kimefutwa.

Kwa seremala alikwenda dada mwenyewe, na mchumba wake. Sijui walisemaje, nimekwambia hakuna jambo linalonipita, hilo lilinipita. Ninachojua ni kwamba mjomba mtu alikuja siku ya pili mchana, akasimama mbele ya baba, akamshika kifundo cha mkono, pale saa hukaa, kwa vidole viwili kama anayeokota yai.

"Mzee mwenzangu, si ungesema?"

"Ningesema nini? Kinyozi asiye na mikono?"

"Mimi nina mgongo," seremala akasema. "Mwaka wa nne huu. Hata mke wangu hajui."

Wakakaa mpaka jioni wakisimuliana maumivu, na tarehe ya harusi ikapatikana katikati ya kiuno na goti.

Ilibaki ahadi ya kurudi kwa daktari. Alikuwa ametuambia: "Mkija, na bomba bado linafunguliwa kwa kiwiko, nitaongeza dawa nyingine." Neno hilo tulilibeba nyumbani na Baba Mdogo akalifungua. Dawa nyingine, alisema, anaijua. Ni sindano zinazokaa kwenye barafu, gari lake lilikuwa likizibeba na askari ameketi mbele, sindano moja bei ya harusi. Mama aliposikia aliutazama ukuta muda mrefu. Dada akaacha kuzungumzia gauni.

Mimi nikafikiri. Unajua mimi ni mtu wa kufikiri.

"Haya, Sinema," daktari akasema siku hiyo, maana jina langu lilikuwa limeshafika hospitali. "Tuonyeshe asubuhi ya wiki hii."

Nikaenda mlangoni. Nikashuka vidaraja nikitazama mbele, mguu wa kushoto ukitangulia. Hiyo ilikuwa kweli. Nikashika kikombe kwa mkono mmoja. Hiyo nayo kweli, siku nyingi. Nikafika bombani. Nikanyoosha vidole, nikalizungusha laini kabisa, maji yakatoka shaa, nikanawa uso, na kwa raha zangu nikapiga na mluzi.

"Vizuri sana," daktari akasema akiandika. "Basi tutaendelea hivi hivi."

"Daktari." Alikuwa baba. "Huyu anadanganya."

Kalamu ikasimama.

"Bomba nalifungua kwa kiwiko," baba akasema. "Jana kwa kiwiko, leo kwa kiwiko. Vidaraja ndivyo, kikombe ndivyo. Bomba bado. Na vifungo viwili vya juu bado ni vya binti yangu." Akanyanyua kola kuonyesha. "Wala sipigi mluzi asubuhi."

Mtu aliyeapa mbele ya daktari huyuhuyu kwamba ana uchovu kidogo.

Daktari akanigeukia. "Mbona umeniongezea chumvi?"

Nikatazama juu. Feni haikuwa na la kunisaidia. "Baba Mdogo alisema hiyo dawa nyingine ni bei ya harusi."

"Baba mdogo wako ni daktari?"

"Dereva," dada na mama wakasema pamoja.

"Dawa nyingine ni kidonge kingine. Kinatolewa dirisha lile lile mlilochukulia cha kwanza." Akageuza karatasi, akafuta alichoandika. "Vile viungo vinaliwa, na wewe ulikuwa unanipigia mluzi. Rudi mlangoni. Anza upya, na safari hii nataka asubuhi ya baba yako, si yako."

Nikarudi mlangoni. Nikashika ukuta, masikio yakiniwaka, nikainua mguu.

"Wa kushoto," baba akasema.